Maili 25 za mwisho kabla ya Horta

Haya, nimefika, toka Bermuda kwa boti ya tanga, mimi peke yangu. Naandika hii nikiwa ndani ya boti, bandari ya Horta, kisiwa cha Faial, kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, katikati ya Atlantiki. Tumefungwa boti tatu ubavu kwa ubavu kama ndizi kwenye chane na mimi ndo wa nje kabisa, kila nikitaka kushuka nchi kavu lazima nivuke sitaha za watu wawili, napita mbele ya mlingoti kwa kunyata, sio kukatiza kule nyuma wanakokaa, hiyo ndo adabu yenyewe. Nimeshaoga, nimeshalala, nimeoga tena. Meseji zinaingia, kila mtu anauliza mawimbi yalikuwa makubwa kiasi gani, uliona papa, uliogopa, na mimi kila nikianza kujibu akili inanirudisha kwenye zile maili 25 za mwisho. Kwa hiyo ntaandika hizo. Wa papa mnisamehe, sijaona hata mmoja.

Ya katikati kwa ufupi basi. Bermuda mpaka hapa ni kama maili 1,800 za baharini, nimetumia siku 19, piga hesabu mwenyewe utaona ni wastani wa noti nne, maili nne za baharini kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia taratibu asubuhi kupunguza kitambi. Wenye akili hupanda kaskazini kwanza mpaka latitudo ya 38 au hata 40 kutafuta upepo wa magharibi, wakishaupata ndo wanageuka kulia. Mimi nikaona uvivu, nikakata kona mapema, nikajikuta kwenye tumbo la ule mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa maeneo ya Azores wakati wa kiangazi, na humo ndani upepo hamna. Siku tatu boti imekaa. Bahari kama mafuta, tanga linapiga pwa, pwa, pwa, na pembeni yangu yanapita yale madude ya Physalia, yale ya jeli yenye kitanga cha zambarau juu na mikia inayounguza chini, yanapita kwa kaupepo ambako boti yangu hata haikukasikia. Kitu hakina ubongo na kimenipita kwa tanga. Dizeli nilikuwa nayo lita 80 na nilishaapa siigusi mpaka nione kisiwa, basi nikakaa nikayaangalia yakiondoka.

Siku ya nne ukaja upepo wa kusini magharibi, ukatulia hapohapo, na kuanzia hapo kazi yote kafanya Shemeji. Shemeji ni ule usukani wa upepo, kifaa cha nyuma chenye bawa linalosikiliza upepo na kushika kana, ule mkono wa usukani, badala yangu, hakili umeme, hakili chochote, hanuni, nimemuita Shemeji kwa sababu anafanya kazi zangu zote na bado namtania.

Sasa usingizi, maana huo ndo mzizi wa yote. Ukiwa peke yako hamna wa kupokezana zamu. Mimi nalala dakika 20, alamu inalia, natoka, nazungusha macho duara zima, nacheki AIS, kile kifaa kinachonasa ishara za meli zilizo karibu, kama kuna meli, narudi kulala. Hizo dakika 20 sijaziokota tu. Ukikaa kwenye kiboti jicho lako liko kama mita mbili juu ya maji, kwa hiyo upeo wako ni maili tatu hivi, taa za meli kubwa ziko juu utaziona mapema zaidi, lakini meli inayokimbia noti 20 ndani ya dakika 20 imeshakula maili sita na ushee. Yaani unalala kwa mkopo. Na tusidanganyane, zile sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, kanuni ya 5 inataka chombo kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza muda wote, muda wote ndo ilivyoandikwa, kwa hiyo kila anayesafiri mwenyewe anaivunja akishafumba macho tu. Najua. Sina utetezi. Katikati ya bahari unamaliza siku tano hujaona meli, unajisamehe, ila ukikaribia nchi kavu meli zinaongezeka, boti za uvuvi zinaongezeka, halafu kuna mawe na mawe hayana AIS. Kwa hiyo pale ambapo umechoka kuliko siku zote ndo pale ambapo hutakiwi kulala kabisa. Siku mbili za mwisho nadhani nililala masaa matano, jumla, kwa vipande vipande.

Kisiwa nilikiona siku ya 18, saa kumi jioni. Au tuseme niliona mlima, na wenyewe haukuwa wa Faial, ni wa kisiwa cha Pico kilicho ng'ambo yake, mita 2,351, hamna mlima mrefu kuliko huo Ureno nzima. Kwa hesabu ya mviringo wa dunia mlima wa urefu ule ungeweza kuonekana toka maili kama 100, lakini hiyo ni hesabu ya hewa safi, na hapa kuna mawingu na ukungu karibu muda wote. Mimi nilikuwa nimebakiza kama maili 50 kufika Faial. Nilikuwa nakitafuta kisiwa chini, pale maji yanapoishia, nimekodoa macho mpaka yanatoa machozi, kumbe kiko juu. Juu ya mawingu. Kipembe kidogo cha kijivu kimekaa juu ya wingu kama kofia iliyosahauliwa. Nikaangalia dira, nikaangalia ploto, ile skrini ya ramani, nikaangalia tena kile kipembe, bado kipo. Halafu nikafanya jambo la kijinga, niligeuka nyuma. Niligeuka kutafuta mtu nimwambie unaona? Nyuma kuna Shemeji tu anatikisa bawa lake.

Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake, naye aliuona Pico hivohivo, juu ya mawingu, asubuhi ya Julai 20 mwaka 1895, na siku hiyohiyo saa kumi na nusu jioni akatia nanga hapahapa Horta, siku 18 toka Cape Sable kule Kanada. Chombo cha futi 36 na ushee alichokijenga upya kwa mikono yake, injini hamna, redio hamna. Mimi nina GPS tatu nimetumia 19. Tuendelee.

Jua huku mwezi wa sita linazama saa tatu na robo usiku kwa saa za hapa, na mimi saa ya ukutani ndani ya boti nilikuwa sijaibadilisha toka Bermuda, iko nyuma masaa matatu, kwa hiyo kwangu ilikuwa inasema saa kumi na mbili na robo jioni na tumbo linakubaliana nayo. Nimebakiza maili 25. Upepo noti 15, uko mgongoni kidogo kushoto... samahani, kulia, boti inakimbia noti tano safi kabisa, mwendo mzuri kuliko siku zote za safari nzima, kana kwamba imenusa gati. Ukiendelea hivo unaingia Horta saa nane usiku. Na kila niliyewahi kuongea naye aliniambia Horta inaingilika usiku, bandari imewaka taa, mlango mpana, ukuta wa mawimbi una taa yake, watu wanaingia kila siku. Nilikuwa nimeshajiona niko gatini. Nilikuwa nimeshachagua na tisheti ya kuvaa.

Nikiwa nimesimama pale nyuma, giza ndo linaingia, nikauona ukuta. Mbele ya omo, ile pua ya boti, karibu, mita 100 hivi, jabali jeusi limesimama wima toka kwenye maji hadi juu huko, naona mpaka mipasuko yake, naona povu jeupe chini yake. Sikufikiria. Nilirukia kana, nikamng'oa Shemeji, nikaisukuma mpaka mwisho, boti ikageuka kwa hasira, tanga likavuka kichwani kwa kishindo ambacho nikikikumbuka bado nashika kichwa, vyombo vyote jikoni vikahamia chini, na mimi nimejikunja nasubiri mkuku, ule uti wa chini wa boti, upige mwamba.

Haukupiga. Nikainua macho. Wingu. Kivuli cha wingu kwenye maji, na mwanga wa mwisho wa jua. Ploto inasema nchi kavu ya kwanza bado iko maili nyingi mbele, kina cha maji chini yangu ni mita zaidi ya elfu moja.

Nikakaa chini nikacheka kidogo halafu kicheko kikaisha. Maana nilichokuwa naelewa ni hiki: macho yangu yametengeneza ukuta ambao haupo, na baada ya masaa matano nataka niyape kazi ya kuuona ukuta ambao upo. Wa mawe kweli. Wenye boti za watu ndani yake.

Ningekuwa na mwenzangu ningemwambia hebu tazama pale ni nini kile, angesema wingu lile, kalale, na ingekuwa imeisha. Hilo tu. Sio nguvu za kuvuta kamba, kamba utazivuta, ukichoka unatumia winchi. Ni kukosa mtu wa kusema "wingu lile".

Basi nikasimama palepale. Kwa wasiojua, boti ya tanga unaweza kuisimamisha katikati ya bahari bila nanga. Unageuza omo mpaka ipite upepo, kamba ya tanga la mbele huigusi, kwa hiyo tanga linajaa kinyumenyume, tanga kuu umelipunguza, kana unaisukuma upande ule upepo unakokwenda unaifunga hapo. Tanga moja linasukuma mbele, jingine linasukuma nyuma, usukani unavutana nao wote, boti inakata tamaa. Inatulia. Inasogea pembeni noti moja, moja na nusu, basi. Nikapiga hesabu ya kusogea kwa masaa sita au saba, maili nane, tisa, nikachora kwenye chati, mbele yangu maji tu. Nikaandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, SAA 10, ili nisije nikajibishana na mimi mwenyewe baadaye kuhusu saa ya kuondoka. Saa kumi alfajiri, saa za kisiwa. Hiyo ya kwenye ukuta nikaigeuza kabisa.

Na nikajibishana kweli. Saa tano usiku wingu lilisogea zikatokea taa. Taa za watu. Sio nyingi, mstari wa njano chini kabisa, moja inatembea halafu inapotea halafu inatokea tena, gari hilo, mtu anaendesha gari kurudi nyumbani kwenye kilima. Siku 18 sijaona kitu kinachotembea ambacho hakielei wala hakiruki. Nilihesabu taa ya mnara, inawaka inazima, nikahesabu mara tatu kwa saa ya mkononi na kila nikihesabu nalinganisha na chati maana sijiamini tena. Yaani kiko pale! Masaa manne tu! Na mimi nimejifunga breki mwenyewe. Nilisimama kabisa nikaenda kufungua kamba ya kana. Nikasoma kiganja. Nikakaa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kimya. Boti ikisimama namna ile kelele zote zinaisha, maji hayakwanguli tena ubavuni, na kwenye kile kimya ndo walianza kuongea. Ndani, upande wa kulala wa mbele, ambako hakuna mtu, kuna matanga ya akiba na kasha la vitunguu. Kikao kabisa. Kama kikao cha ukoo kinachogombania shamba, mzee mmoja anaongea taratibu, wengine wanamkatiza, kuna mama mmoja anasema hapana, hapana, maneno siyashiki ila lafudhi naijua. Sikuogopa, niwe mkweli, nilikuwa nimekasirika kwa sababu hawaniiti. Najua ni nini, ni maji kwenye tundu za sitaha na ubongo wenye njaa ya usingizi unajaribu kuyageuza maneno, karibu kila anayesafiri mwenyewe ana hadithi kama hii na ile maarufu kuliko zote ilianzia bandari hiihii. Slocum alipoondoka Horta alipewa jibini na matunda ya plamu, akala vyote kwa pamoja, tumbo likamkamata mpaka akaanguka sakafuni, na alipochungulia nje kwenye upepo mkali akaona mtu mrefu kashika usukani wake. Mtu yule akamwambia mimi ni rubani wa Pinta, ile meli ya msafara wa Columbus. Kesho yake chombo kilikuwa kimetembea maili 90 na hakijatoka njiani. Mimi wa kwangu hawakushika hata kamba. Wamekaa tu wanabishana.

Meli moja ilipita maili nne kusini, AIS ikalia, nikaiangalia mpaka ikapotea. Sikulala. Au nililala nimekaa, sijui.

Saa kumi nikafungua kana. Kulipoanza kupambazuka kisiwa kilikuwa kimeshakuwa kisiwa, kijani, kina mashamba yamekatwa na mistari ya ua, na kushoto kule mwisho magharibi kwa darubini unaona kipande cha rangi nyingine kabisa, kijivu, kipara, hakuna jani. Capelinhos. Kile ni kipande kilichotapikwa na volkano toka mwezi wa tisa 1957 mpaka mwezi wa kumi 1958, majivu yakafukia sehemu ya chini ya mnara wa taa na watu kwa maelfu wakahamia Marekani. Mnara bado umesimama, uko mbali na maji siku hizi kwa sababu nchi imeongezeka mbele yake.

Nikawa na kazi za kunitosha. Injini niliiwasha mapema kabisa, mbali na mawe, nikaenda nyuma kuangalia kama inatema maji, inatema, asante. Nyororo ya nanga nikairudishia. Fenda, yale maboya ya kukinga ubavu, nikatundika pande zote mbili, kamba nikaziandaa pande zote mbili, maana hujui utaambiwa ufunge upande gani na ukiwa peke yako huwezi kuanza kukimbia na fenda kutoka kulia kwenda kushoto huku boti inaelekea ukutani. Bendera ya njano ya kuomba ruhusa ya kuingia juu, ya Ureno juu. Nikafunika vitunguu na turubai, sijui kwa nini, niliona aibu kikao kisionekane.

Harufu ya nchi kavu ambayo watu wanaiimba sana mimi usiku mzima sikuinusa na nilikuwa nimeanza kuona ni uongo wa mabaharia. Kumbe upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kisiwani. Nilipozunguka Monte da Guia, kile kilima cha kusini mwa bandari, nikaingia kwenye mkondo kati ya Faial na Pico, kisiwa kikawa upande unakotoka upepo, na ghafla imekuja yote kwa pamoja kama mtu kafungua mlango: udongo, majani yamekatwa, ng'ombe, moshi wa kuni, dizeli, mkate. Ng'ombe zaidi ya vyote. Machozi yakanitoka kwa sababu ya mavi ya ng'ombe, jamani, niandike tu ukweli.

Ukuta wenyewe, wa kweli, ni mrefu na umenyooka na nilikaa nao mbali kuliko ilivyohitajika. Kuzunguka ncha, ndani maji yamelala, na boti, milingoti isiyohesabika. Kwenye gati la kupokelea wageni kuna watu wamesimama. Mmoja akanyoosha mikono akaniuliza kitu, nadhani upande gani unafunga, na mimi nikafungua mdomo nimjibu. Hakikutoka kitu. Yaani hewa. Kumbe siku 19 kuongea na Shemeji sio kuongea, ni kunong'ona, koo limesahau sauti kubwa. Nikakohoa, nikajaribu tena, ikatoka kama mlango wa banda. Nikaona bora nirushe kamba, kamba inaongea yenyewe, nikairusha kwa nguvu zangu zote na ile ncha nyingine ambayo ilitakiwa iwe imefungwa kwenye boti haikuwa imefungwa. Kamba nzima ikaondoka. Ikatua majini kwa ustaarabu mkubwa katikati yangu na wao, tukabaki tunaitazama.

Dada mmoja toka boti ya jirani aliivua kwa ndoano, hajacheka, Mungu ambariki. Na ntajifariji hivi: Slocum alipoingia hapa kijana mmoja ofisa wa jeshi la maji alipanda chomboni kwake kumsaidia urubani, akagonga karibu kila chombo kilichokuwepo bandarini na akazamisha tishari moja. Mimi nimezamisha kamba, na imepatikana.

Nikaelekezwa kwenda kujifunga kwenye boti mbili zilizokuwa tayari ukutani. Boti ya pili ina mzee, ndevu nyeupe, alikuwa ameshasimama na fenda zake kabla sijafika. Akapokea kamba ya mbele, akapokea ya nyuma, akaweka na zile za katikati, mimi nimesimama tu kama mgeni harusini. Akaniuliza siku ngapi. Nikamuonyesha kwa vidole, kumi, halafu tisa. Peke yako? Nikaitikia kwa kichwa. "Usiongee kwanza," akasema, "kunywa maji." Akazima injini yangu yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesahau inawaka.

Ofisini wana fomu. Jina la chombo, bandari uliyotoka, nahodha, mimi, halafu mstari wa mabaharia wengine, nikachora mstari, yule bibie akaniangalia, akauliza tena kwa upole kama hajaelewa fomu mimi au yeye. Uhamiaji, muhuri, forodha, imeisha haraka kuliko nilivyotegemea ila sakafu ya ofisi ilikuwa inayumba vibaya mno. Ile ya nchi kavu kuyumba ni kweli kabisa, sikio la ndani limeshazoea bahari linaendelea kukurekebisha wakati hamna cha kurekebisha, nilishika kaunta kwa mikono miwili nikijifanya nasoma tangazo. Bafuni ndo balaa zaidi, ukifumba macho kuosha nywele unaanguka.

Simu ikapata mtandao ikaanza kutetemeka haiishi. Nikampigia mama kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi mama. Sauti imekauka tu."

"Ee! Umefika?"

"Nimefika."

"Umefika wapi?"

Nikajaribu kueleza Azores. Visiwa tisa, katikati ya Atlantiki, vya Ureno lakini mbali na Ureno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hujafika," akasema. "Umepumzika njiani. Umekula?"

Sina la kuongeza hapo.

Siku ya pili nikazunguka. Kuna ule mkahawa maarufu wa mabaharia, Peter Café Sport, umefunguliwa tangu 1918, zamani kabla ya intaneti walikuwa wanawatunzia mabaharia barua zao mpaka wafike. Nikaingia nikatoka, watu wengi mno, sauti nyingi mno, kila mtu anaongea maneno yanayoeleweka na ubongo wangu ulikuwa unajaribu kuyasikiliza yote kwa mpigo. Nikaenda kwenye ukuta. Kuta na sakafu za hii marina, ambayo ilifunguliwa 1986, zimejaa michoro ya boti zilizopita, jina, mwaka, nyangumi, mapapai, nyuso za watoto, mpaka hamna nafasi, na inasemekana ukiondoka hujachora unajitafutia mkosi njiani. Mimi sio mshirikina ila pia sio mjinga. Nilipata pahali ambapo mchoro wa zamani umeshafutika kabisa na jua, adabu ni hiyo, usichore juu ya unaosomeka, nikachora Shemeji. Bawa, mkono, kamba zake mbili. Umetoka kama feni iliyovunjika. Chini nikaandika 19, na 1.

Ila nimeruka usiku wa kwanza.

Usiku wa kwanza alamu sikuiweka. Nikalala saa mbili usiku, bado kweupe, na nikaamka mwenyewe. Dakika 20. Sijajua nimeamka, nimeshapanda ngazi, kichwa kiko nje, macho yanazunguka duara: ukuta, milingoti, taa za barabarani, ukuta. Pumbavu, nikarudi. Dakika 20, nimepanda tena. Mara ya nne au ya tano, giza limeshakuwa giza kweli, ndo nikazisikia. Juu, gizani, hazina mtu. Kama mtoto mwenye mafua analia na kucheka kwa wakati mmoja, sauti inatoka huku, inajibiwa kule kwenye kilima, nyingine inapita juu kabisa ya mlingoti, na hamna kinachoonekana. Nikashika ukingo wa mlango. Nikasema moyoni haya, kikao kimenifuata.

Mzee wa boti ya pili alikuwa amekaa nje kajifunika blanketi. Naye ni msafiri wa peke yake, nilikuja kujua kesho yake, naye shingo yake ilikuwa inageuka taratibu, ukuta, milingoti, taa, ukuta. Tukaangaliana. Nilitaka kumuuliza na nikaogopa kumuuliza, maana akisema hapana nafanyaje? Sauti ikapita tena juu yetu, karibu kabisa. Yeye hata hakuinua kichwa.

"Mzee," nikasema, sauti bado ile ya mlango wa banda. "Hizo kelele unazisikia?"

Akanyamaza kidogo, anasikiliza.

"Nazisikia," akasema. "Ndege hao. Cagarro. Wanarudi kwenye mashimo yao usiku."

Nikakaa pale ngazini. Hatukuongea tena. Wakaendelea kulia mpaka karibu alfajiri na mimi nikawasikiliza wote.